MuseScore Studio kwa mtunzi kijana: maoni kutoka kiti cha viola

Mimi ni mpiga viola, ala ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla. Kazi yangu ya pili, isiyoonekana jukwaani, ni kuandaa nota za wapigaji: napokea nota kamili ya mtunzi, yenye ala zote pamoja, naipitia baa kwa baa, yaani fungu kwa fungu la mapigo, kisha natoa kurasa za kila ala zikiwa tayari kuwekwa kwenye stendi. Kwa hiyo watunzi vijana wengi nimewajua kwanza kwa karatasi zao, sura zikaja baadaye. Siku hizi karatasi nyingi zinazonifikia kutoka kwa wanaoanza zimeandikwa kwa programu moja, MuseScore Studio. Maoni juu yake ni mengi, ila karibu yote ni ya watu wanaoandikia. Mimi nazungumza kama msomaji, maana kwa mtunzi ambaye hajajulikana, watu wanne au sitini wanaosoma nota zake asubuhi ya mazoezi ndio watakaosema aitwe tena au asiitwe.

Nitoe hukumu mapema. Kwa kuchapa nota na kutoa kurasa za wapigaji, nampendekezea kila mtunzi kijana programu hii bila kusita. Kwa kumwonyesha jinsi muziki wake utakavyosikika ukumbini, nampendekezea kwa onyo kali.

MuseScore ilianza mwaka 2002 kwa mikono ya Werner Schweer, aliyeichomoa sehemu ya kuandika nota kutoka programu nyingine iliyoitwa MusE akaifanya isimame peke yake. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2011. Wachapaji wa nota walianza kuichukulia kwa uzito hasa toleo la 4 lilipotoka Desemba 2022. Usanifu wake uliongozwa na Martin Keary, ambaye naye ni mtunzi, na hilo linaonekana: vitu vimewekwa pale mkono wa mtunzi unapovitafuta. Ni programu ya chanzo huria, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na ni bure yote. Hakuna toleo dogo la kuonja na kubwa la kulipia. Programu shindani, Dorico na Sibelius, nazo zina matoleo ya bure, lakini yamewekewa mipaka ya idadi ya ala, na mtunzi anayeandikia okestra atagonga ukuta mapema. Hapa unaweza kuandika okestra nzima na kwaya juu yake.

Uzito wa jambo hilo unaujua ukitazama mzigo wa mtunzi anayeanza. Mtunzi Mrusi Shostakovich alikuwa na miaka 19 simfonia yake ya kwanza ilipopigwa Leningrad, Mei 1926. Enzi hizo kurasa za wapigaji zilinakiliwa kwa mkono, na unakili ulikuwa ufundi wa watu walioishi kwa ufundi huo. Leo mtunzi wa umri ule anaona tangazo la kuitisha kazi mpya. Lina kikomo cha umri, mara nyingi miaka 30 au 35. Lina siku ya mwisho. Linataka PDF isiyo na jina lake, pengine na faili la sauti. Akichaguliwa anatakiwa kuleta kurasa za kila ala, zimepangwa, zimesahihishwa, tena kwa haraka. Hana mchapishaji wala mnakili. Yeye ndiye mtunzi, mchapaji, msahihishaji na msambazaji, na kazi zote hizo nne hajalipwa.

Wapo wanaopita njia fupi kidogo. Caroline Shaw alipopata Tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2013, akiwa na miaka 30 na kijana kuliko wote walioipata kabla yake, kazi iliyompa ushindi ilikuwa ya sauti nane, iliyoandikwa kwa ajili ya Roomful of Teeth, kundi ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiimba humo. Anayeandikia wenzake anaweza kusimama katikati ya chumba na kueleza kwa mdomo: hapa koromeni kidogo, hapa vuteni pumzi kwa sauti. Anayeandikia wageni hana mdomo, ana karatasi. Na watunzi wengi wanaoanza wanaandikia wageni.

Basi tuje kwenye karatasi yenyewe. Kuandika kwa MuseScore ni haraka mno ukishazoea kibodi. Unabonyeza N kuingia kwenye uandishi, unachagua urefu wa nota kwa tarakimu, 5 ikiwa robo, 4 nusu ya robo, 6 nota ya nusu, kisha unaandika jina la nota kwa herufi kuanzia A hadi G. Mishale inapandisha na kushusha. Sitakaa sana hapa, mafunzo ya bure yamejaa. Ninachotaka ukijue ni kwamba ukurasa unaotoka ni mzuri bila wewe kufanya lolote. Alama zake zimechorwa kwa fonti iitwayo Leland, iliyopewa jina la Leland Smith, aliyebuni programu ya zamani ya SCORE ambayo wachapaji wakubwa waliitumia kwa miaka mingi. Vichwa vya nota ni vinene, mistari imekaa sawa, na umbali kati ya nota una mantiki. Mpiga ala hawezi kukwambia kwa nini ukurasa huo unasomeka, lakini macho yake hayachoki.

Kipimo kimoja ubadilishe mwenyewe. Kwa kawaida programu inaanza na mistari mitano yenye urefu wa milimita 7, kutoka mstari wa chini hadi wa juu. Wakutubi wa okestra, kupitia chama chao MOLA, wanapendekeza milimita 8 kwa kurasa za wapigaji; ndogo kuliko hapo zinaweza kusomeka kwa wapiga ala za upepo lakini zinawatesa wapiga nyuzi. Sababu ni ya kimwili kabisa. Sisi wa nyuzi hukaa wawili wawili kwenye stendi moja, na stendi ipo mbali kidogo ili upinde upate nafasi. Milimita hiyo moja ndiyo tofauti kati ya kusoma na kukisia. Badilisha kwenye mpangilio wa ukurasa, mara moja, kwa kurasa za nyuzi zote.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote: kurasa za wapigaji. Ukimaliza nota kamili, programu inakutengenezea ukurasa wa kila ala, nao unabaki umefungamana na nota kuu. Ukibadilisha nota ya “la” kuwa “la bemoli”, yaani ukiishusha nusu hatua, kwenye nota kuu, ukurasa wa viola unabadilika papo hapo. Baa tupu zinazofuatana zinakunjwa kuwa alama moja yenye idadi juu yake. Wakati huohuo mpangilio wa kila ukurasa uko huru: unaweza kukata mstari au ukurasa wa viola bila kugusa nota kamili. Hapa mtunzi kijana anaokoa siku nzima za kazi, na hapa pia ndipo wengi wanapoacha mapema mno, kwa sababu kurasa zinaonekana zimekwisha ilhali hazijaisha.

Kugeuza ukurasa ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia. Programu inajaza ukurasa mpaka nafasi iishe, kisha inaanza mwingine. Haijui kwamba nina mikono miwili na yote ina kazi. Nimeletewa kurasa ambazo mwisho wake ni nota za haraka zinazomiminika moja kwa moja mpaka ukurasa unaofuata. Hapo kwenye kwateti ya nyuzi, kundi la wapigaji wanne, mtu mmoja ananyamaza ghafla, muziki unapasuka, na mtunzi anadhani tumepotea. Dawa ni rahisi. Tafuta pumziko, hata la baa mbili, bonyeza Control na Enter kwenye mstari wa baa uliopo hapo, ukurasa unakatika mahali hapo. Ukurasa mmoja ukibaki nusu tupu, uache nusu tupu. Hakuna mpiga viola duniani atakayelalamikia nafasi nyeupe iliyompa muda wa kugeuza.

Jambo la pili ni alama za kuelekezana. Mpiga ala aliyenyamaza baa 40 anahitaji kuona kipande kidogo cha ala nyingine kabla hajaingia, kimechapwa kwa nota ndogo, ili asitegemee kuhesabu peke yake. Katika toleo ninalolifanyia kazi, MuseScore haina njia ya moja kwa moja ya kuweka vipande hivyo. Unanakili nota, unazipunguza ukubwa, kisha unazificha kwenye nota kamili. Kazi hiyo inachosha na ni rahisi kuiruka. Usiiruke, hasa kama umeandikia okestra. Dorico imetangulia mbali katika hili, na mtunzi ambaye kazi zake nyingi ni za okestra kubwa ana haki ya kulipima kabla hajachagua.

Sasa onyo. Pamoja na toleo la 4 zilikuja sauti ziitwazo Muse Sounds, unazipakua bure kupitia programu nyingine ndogo, Muse Hub. Ni nzuri, na nasema hivyo kama mtu anayeishi ndani ya sauti ya nyuzi. Fidla zinaunganisha nota kama upinde halisi, pitsikato, yaani nyuzi zinapodonolewa kwa kidole, ina mwili, kwaya inapumua, ingawa haitamki maneno. Kwa faili la sauti la kuambatanisha kwenye maombi, linatosha kabisa kumpa msikilizaji picha ya kazi.

Tatizo ni kwamba mtunzi anayezisikiliza kila usiku anaanza kuandikia sauti hizo badala ya kuandikia watu.

Kijana mmoja mwenye sikio la ajabu alituletea kwateti yake ya kwanza. Sehemu ya pili ilikuwa na melodi ndefu ya viola kwenye uzi wa chini kabisa, chini ya fidla mbili zinazotetemesha upinde kwa nguvu, na chelo ikipanda juu ya uzi wake wa la. Tulipiga. Melodi yangu haikusikika hata kwangu mwenyewe. Akatujia na kompyuta yake, akaicheza sehemu ileile, na viola ilisikika wazi, tamu, juu ya wote.

“Dada, mbona huku inasikika?”

“Huku umeipandisha kwa kipanya, mdogo wangu. Chumbani hakuna kipanya. Nipe nafasi kwenye nota.”

Alikaa na penseli, hakubishana. Akashusha fidla zote mbili hadi pianisimo, sauti ndogo kabisa, akatoa mtetemesho kwenye fidla ya pili, akaipandisha melodi oktava mbili ili ifike kwenye uzi wangu wa la, ambako viola ina sauti ya puani inayopenya. Chelo akaiacha na nota moja ndefu. Tulipopiga tena, mpiga fidla wa kwanza aligeuka kunitazama. Muziki ulikuwepo tangu mwanzo, ulikuwa umefunikwa tu.

Yapo mengine ambayo programu itakubali kimya. Nyuzi za viola, kutoka chini, ni do, sol, re na la. Mtunzi akiandika do ya chini kabisa pamoja na mi iliyo juu yake, nota zote mbili zinapatikana kwenye uzi mmoja tu, uzi wa do, kwa hiyo haziwezi kupigwa pamoja. Kompyuta inazipiga bila shida. Ukiandika nota iliyo nje kabisa ya uwezo wa ala, itakuonya kwa kuigeuza rangi, na hilo ni la kushukuru, lakini haijui habari ya nyuzi wala vidole. Haijui pia urefu wa upinde: tao la kuunganisha nota juu ya baa nane za mwendo wa taratibu, kwa fotisimo, yaani sauti kubwa sana, linasikika vizuri kwenye spika, ila upinde wangu unaisha baa ya tatu. Mpiga oboe ataishiwa si pumzi tu bali subira. Kwa hiyo kabla hujatuma, tafuta mpiga ala mmoja wa kila familia, umwonyeshe ukurasa wake. Wengi watakusaidia kwa furaha, tunapenda kuulizwa.

Kuna jambo lingine, la ndani zaidi, na nalieleza kwa sababu linagusa lugha ya mtunzi na si ufundi peke yake. Programu hii, kama nyingi za aina yake, inafikiri kwa baa. Inakuuliza idadi ya mapigo kabla hujaandika nota ya kwanza, na kila unachoandika kinaingizwa kwenye visanduku hivyo. Mtunzi Mmarekani Philip Glass alipokuwa kijana Paris, katikati ya miaka ya 1960, alipewa kazi ya kuuandika muziki wa Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, ili wapigaji wa Kifaransa wausome. Alipoweka mistari ya baa, Alla Rakha, mpiga tabla, ngoma za Kihindi, alisikia mikazo inaangukia mahali pasipostahili na kukataa. Glass alipoifuta mistari ile aliona mtiririko wa mapigo yaliyopangika kwa mafungu ya mbili na tatu, na njia yake ya utunzi iligeukia huko. Hebu fikiri kama chombo chake kisingemruhusu kufuta.

MuseScore inaruhusu, lakini kwa kuzunguka. Unabadilisha urefu halisi wa baa kwenye sifa zake, unaficha mstari, unaficha alama ya mapigo. Muziki usio na mapigo ya kuhesabika, ule ambao kila mpigaji anakwenda kwa mwendo wake, unaandikika kwa subira nyingi. Dorico inaukubali muziki usio na kipimo tangu mwanzo. Michoro ya bure, maumbo na mistari inayopinda, ni bora kuimalizia kwenye programu ya kuchora, au kwa mkono. Namsihi mtunzi kijana aanzie kwenye karatasi na penseli pale ambapo wazo lake halina baa, kisha aulazimishe mtambo umfuate. Nimeona kazi ambazo wazo lake lilikuwa la maji yanayotiririka, lakini likafika kwetu limekatwakatwa kwa nne-kwa-nne, mapigo manne kila baa, kwa sababu hapo ndipo programu ilipofungukia.

Kuhusu kupakua, angalizo fupi. Programu yenyewe inapatikana musescore.org. Tovuti ya musescore.com ni huduma tofauti ya watu kushirikishana nota, na humo kupakua mara nyingi kunadai usajili wa kulipia. Vijana wengi wanaingia huko kwanza, wanaona malipo, wanaondoka wakiamini programu inauzwa. Programu ya simu nayo ni ya kusoma na kusikiliza. Kuandika kunahitaji kompyuta.

Na usiamini kwamba chombo chochote kitadumu kama muziki wako. Finale, programu nyingine ya nota, ilitoka mwaka 1988 na vizazi vya watunzi viliandika maisha yao yote humo. Agosti 2024 kampuni yake, MakeMusic, ilitangaza kwamba haitaendelezwa tena. Sibelius nayo ilipitia msukosuko mwaka 2012, kampuni yake, Avid, ilipofunga ofisi ya London ya wataalamu wake; wengi wao walichukuliwa na kampuni ya Steinberg wakaunda Dorico, iliyotoka mwaka 2016. MuseScore ina kinga fulani kwa kuwa chanzo chake kiko wazi, mtu mwingine anaweza kuiendeleza. Hata hivyo faili lililohifadhiwa kwa toleo la 4 halifunguki kwenye la 3, na mtunzi wa miaka 22 ana miongo ya kazi mbele yake. Kila kazi unayoimaliza ihifadhi mara tatu: faili la programu, PDF, na MusicXML, ule muundo ambao programu karibu zote za nota zinausoma. MusicXML haitabeba mpangilio wako wote wa ukurasa, lakini nota, mapigo na maneno vitapona.

Nikiulizwa nani asiitumie: mtu ambaye mwalimu wake, kundi lake na mwongoza okestra wake wote wanabadilishana mafaili ya Sibelius au Dorico kila wiki. Huyo ataishi kwa kubadilisha miundo na atachoka. Wengine wote, kuanzia anayeandika wimbo wa kwaya ya sauti nne mpaka anayejiandaa kwa usomaji wake wa kwanza wa okestra, waanze hapa, na pengine wasihitaji kuhama kamwe.

Mkishamaliza, kabla ya kututumia, chapeni ukurasa wa viola kwenye karatasi halisi, muuweke mbali kwa urefu wa mkono mmoja na nusu, muuimbe kutoka juu hadi chini kwa mwendo wake. Namba za baa ziwepo mwanzoni mwa kila mstari, zilingane na za mwongoza okestra. Herufi za mazoezi, zile A, B, C tunazotumia kusema tuanzie wapi tena, zikae mahali muziki unapogeuka. Tumeni kila ala kwenye PDF yake, jina la ala, jina la kazi na tarehe ya toleo vikiwa kwenye jina la faili, maana mkisahihisha usiku wa kuamkia mazoezi, sisi tutakuwa tumeshachapa ile ya jana.